Akilia, Usimfuate

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu amekuja leo na ameondoka leo, na nyuma yake ameacha mbwa. Amehamishwa kikazi, nyumba aliyopewa iko ghorofa ya nne na mwenye nyumba hataki wanyama, sasa mzigo utakuwa wa nani kama si wa dada? "Mvua zikikata tu, dada, nakuja kumchukua." Nilikuwa na pini mdomoni, sikuweza kumjibu, naye akafanya kimya changu kuwa ndiyo.

Mbwa mwenyewe ni kitoto, rangi ya chai ya maziwa, masikio makubwa kuliko akili. Amekuja na bakuli, shuka kuukuu na kizimba chake cha nyaya. Mdogo wangu anasema lazima azoee kulala humo, la sivyo atatafuna nyumba nzima. Tumekiweka kwenye korido, kati ya chumba cha mbele ninaposhonea na chumba cha mama. Mahali pengine hapakuwepo. Chumba cha mbele kimejaa vitambaa hadi dirishani, na jikoni mtu akitaka kugeuka inabidi atoke kwanza.

Mama alimtazama kutoka kitandani, mlango wake ukiwa wazi kama siku zote. "Ehe, na huyu Bwana Mkubwa naye atahudumiwa na nani?" Jina limemganda hapo hapo.

Naandika haya nyuma ya daftari langu la vipimo, kwenye kurasa zilizobaki, kwa sababu lazima nilalamike mahali.

Jumanne, 5 Machi

Amelia usiku kucha. Sijalala.

Jumatano, 6 Machi

Amelia na mchana pia. Nimekosea marinda ya sketi mbili, nimefumua, nimekosea tena.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua zimeanza. Na mimi nina sare za shule nzima za kushona: sketi za marinda, mashati, kaptura za wadogo. Mwalimu mkuu anazitaka kabla shule hazijafunguliwa, na ameniambia kwa upole ule wa watu wasiopenda kurudia neno. Kila nikikanyaga cherehani kitoto kinalia. Nakwenda, kinanyamaza na kutikisa mkia. Narudi kukaa, kinalia.

Mchana Afande amevuka barabara kuja kuona nani anateswa. Ni jirani yetu wa nyumba ya mbele, mstaafu. Maisha yake yote amefundisha mbwa wa kampuni ya ulinzi, na mpaka leo anatembea mkono mmoja ukiwa nyuma kidogo, utadhani bado ameshika kamba. Alisimama korido akanitazama nikienda na kurudi, akacheka.

"Dada, hapa anayefundishwa ni wewe. Analia, unakwenda. Siku tatu tu amekuweza."

"Sasa nifanyeje? Nimnunulie redio?"

"Akilia, usimfuate. Usimtazame, wala usimkemee, maana hata kukemewa kwake ni kupata mtu. Mwache. Akinyamaza, hata kwa pumzi moja, hapo ndipo uende. Mwambie 'vizuri', mpe kitu kitamu, ondoka. Atajua mwenyewe kwamba kelele haileti mtu. Kimya ndicho kinacholeta mtu."

"Na asipojua?" Mama aliuliza kutoka kitandani. Hakuna neno linalosemwa kwenye korido yetu lisilofika kwake.

"Atajua, mama. Wote hujua."

Kitu kitamu pekee nilichokuwa nacho ni biskuti za mama, zile za kopo la bluu anazokula na chai. Nimechukua nne, nikazivunjavunja, nikazitia mfuko wa aproni.

Jumapili, 10 Machi

Leo nimekaa nikamwacha alie. Kazi ngumu kuliko marinda. Si kubweka, kubweka ningevumilia. Anaanza chini, anapanda polepole, anakatika, unashusha mabega, anaanza tena. Nilishona mkono wa shati kinyumenyume nikisikiliza.

Na kama hiyo haitoshi, kuna mama. Tangu kiharusi cha mwaka jana mguu wake wa kushoto unaburuzika na hawezi kusimama bila gongo na bila mtu. Ulimi haukuguswa, naona hata uliongezewa. Ananiita Fundi tangu nikiwa na miaka sita, nilipokata pazia lake la sebuleni nimshonee mwanasesere gauni. Basi ni Fundi asubuhi, Fundi mchana. Fundi, mto umeteleza. Fundi, sogeza pazia. Fundi, mvua inaingia? Haiingii, mama. Fundi, hebu hakikisha.

Wawili wananiita kutoka upande mmoja wa nyumba, na mmoja nimekatazwa kumfuata.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Marinda. Mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Nina hasira na nitaziandika zilivyo. Leo kabla ya saa sita mama ameniita nimpe miwani iliyokuwa usoni mwake. Ameniita kuuliza saa, na saa iko ukutani mbele yake. Ameniita kuniambia Bwana Mkubwa amelalia sikio vibaya. Kila mara nazima mota, nasukuma kiti, navuka korido, naye Bwana Mkubwa akiniona anaanza upya, na kazi yote ya asubuhi imeharibika.

Hakuna alichokuwa anakihitaji. Alitaka tu mtu aje.

Nimeandika hivyo, kisha nikakumbuka Afande alisema maneno hayo hayo juu ya mbwa. Nimechoka, ndiyo maana.

Jumanne, 19 Machi

Amenyamaza muda wa kumaliza kola nzima! Nikaenda mbio. Vizuri! Biskuti. Afande anasema tumevuka mto.

Alhamisi, 21 Machi

Leo mama aliita nikiwa katikati ya tundu la kifungo, na tundu la kifungo huwezi kuliacha nusu. Nikasema namaliza hili. Akaita tena. Nikamaliza hilo nikaanza la pili, sijui kwa nini. Alipoacha kuita, nikaondoka, nikavuka korido, nikaingia chumbani kwake na mkono wangu ukiwa tayari kwenye mfuko wa aproni, na mdomo wangu ukasema, "Vizuri!"

Nilikuwa nimeshika kipande cha biskuti. Nilimpa! Nimempa mama yangu mzazi kipande cha biskuti.

Alinitazama, akakitazama kile kipande, akaangua kicheko hadi miwani ikamtoka. "Nimefaulu basi, mwalimu?" Nami nikacheka, tukacheka mpaka Bwana Mkubwa akaamka. Tulikuwa hatujacheka hivyo tangu alipougua. Alikula biskuti yake akaniambia nirudi kazini.

Nilisahau kumuuliza alichokuwa anataka.

Jumatatu, 25 Machi

Bwana Mkubwa sasa anaingia kizimbani mwenyewe. Anajizungusha, anajitupa, anaguna kama mzee aliyevua viatu. Nashona asubuhi nzima bila kuinuka. Mama naye ametulia siku hizi. Labda ile dawa mpya inamsinzisha, au mvua. Nikimpelekea chai namkuta macho wazi, mikono juu ya shuka, anatabasamu. "Hujambo, Fundi? Kazi inaenda?" Inaenda, mama.

Ijumaa, 29 Machi

Mwalimu mkuu amepita kuangalia sare. Alishika marinda, akayahesabu kwa kidole, akasema safi. Mdogo wangu amepiga simu. Nikamweleza habari za kizimba akafurahi kama aliyefaulu yeye. "Na mama?" Nikamwambia mama siku hizi hasumbui kabisa.

Jumatano, 3 Aprili

Naandika hapa hapa kwenye meza ya cherehani, alasiri, chai iko motoni. Mvua imepiga bati tangu baada ya chakula cha mchana na sasa inapungua. Nimemaliza sketi zote za darasa la nne. Zote! Bwana Mkubwa hajatoa sauti. Mama hajatoa sauti. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoisikia nyumba hii ikiwa kimya hivi. Nimenyoosha miguu chini ya meza na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze mgongo hauniumi. Ingekuwa hivi kila siku, ningezeeka vizuri. Chai imechemka, nimpelekee.

Ijumaa, 5 Aprili

Nilipeleka chai. Kitanda kilikuwa kitupu.

Alikuwa sakafuni, upande wa pili, kati ya kitanda na ukuta, amelalia ubavu, mkono wa kulia chini yake. Shuka alikuwa amelivuta juu ya miguu kwa ncha ya gongo. Macho wazi. Nilidhani amekufa na nilipiga kelele, na ilikuwa kelele ya kwanza katika nyumba ile siku nzima.

"Polepole," alisema. "Utamwamsha Bwana Mkubwa."

Lakini Bwana Mkubwa hakuwa amelala. Kizimba chake kinatazamana na mlango wa mama, na kutoka mle ndani alikuwa akimwona mama kwa chini ya kitanda. Alikuwa ameketi wima, masikio mbele, anatetemeka mwili mzima, na hakutoa hata mlio. Tumemfundisha vizuri.

Nilipiga magoti. Nikamuuliza ameanguka lini, akasema alikuwa anataka kwenda msalani, baada ya chakula, mvua ilipoanza kupiga. Baada ya chakula! Nilishona sketi zote za darasa la nne. Nilinyoosha miguu chini ya meza. Ukurasa niliouandika alasiri ile upo, nimeusoma leo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

"Mama, mbona hukuniita?"

"Nilinyamaza," alisema, kama mtu anayekukumbusha kwamba ameshalipa. "Nilijua utakuja."

Afande alikuja mbio na kandambili za mkewe miguuni, tukambeba mpaka kwenye gari la jirani mwingine, tukampeleka hospitali, wakamlaza. Kifundo cha mkono kimevunjika. Nyonga imenusurika, imevilia damu tu. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya baridi, alimfunga plasta huku akimuuliza.

"Bibi, uliita?"

"Sikuita."

"Ulipoteza fahamu?"

"Hata kidogo. Nilihesabu mbao za dari."

"Sasa kwa nini hukuita?"

Mama alinitazama kwanza. Alitaka kunificha, niliona. Kisha akasema, "Nyumbani kwetu kuna utaratibu."

Daktari hakuelewa na mimi sikumweleza. Naona aibu hata kuandika. Nimekuja nyumbani kuchukua khanga na mswaki wake, nikajikuta nimekaa juu ya kitanda chake kitupu na daftari mapajani. Bwana Mkubwa yuko kizimbani ananitazama. Kimya.

Jumamosi, 6 Aprili

Mama amerudi nyumbani. Alitaka kwenda msalani akawa amekaa tu, uso unamtoka jasho, mpaka nilipogundua mwenyewe.

Jumatatu, 8 Aprili

Daktari alinivuta pembeni siku ile ya kuondoka. Anasema mgonjwa asiyeweza kutembea si tatizo, na mgonjwa anayelalamika si tatizo. Tatizo ni mgonjwa asiyeita. Huyo asiachwe chumbani peke yake hata kwa dakika ya kuchota maji. Nimejaribu kuingiza cherehani chumbani kwa mama, hakiingii pamoja na meza ya kukatia. Nikashona kwa mkono nikiwa nimekaa miguuni pake. Kwa mwendo huo wanafunzi watavaa sare wakiwa wamemaliza shule.

Nimemwambia mdogo wangu kila kitu kwenye simu. Nikasikia akifunga mlango upande wake. Kisha, "Basi mama namchukua, dada. Nitatafuta mtu wa kukaa naye mchana. Mvua zikikata nakuja na gari."

Ghorofa ya nne, mama na mguu ule. Na mtu wa kulipwa asiyejua kwamba mama akisema "sina njaa" ana njaa.

Nikisema ukweli, nilipoweka simu chini nilishusha pumzi. Nililiona hilo. Nilifikiria nyumba, cherehani na mimi, na usingizi mrefu. Kisha nikaenda kumwambia mama, nikiamini atachachamaa, atamwita mdogo wangu majina yote, atasema yeye si kabati la kuhamishwahamishwa. Alisema, "Popote mtakaponiweka, mwanangu. Mimi sisumbui."

Hajawahi kuniita mwanangu. Ni Fundi. Nimetoka nje nikasimama kwenye mvua bila sababu.

Nimechoka naye na sitaki aende. Yote mawili ni kweli na sijui nitayapeleka wapi.

Jumatano, 10 Aprili

Nilimwambia mama: niite. Nikamwomba. Nikamwamuru. Akasema sawa. Hakuita.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimevuka barabara kwenda kwa Afande kumuuliza mbwa aliyefundishwa kunyamaza anafundishwaje kulia tena.

Alivua kofia akaiweka gotini. Tangu siku ile amekonda. "Dada, sikudanganyi. Hiyo sijawahi kufundisha. Niliyemnyamazisha alinyamaza, nikasifiwa, tukaendelea na mwingine." Alifikiri. "Labda uirudishe nyuma. Akitoa chochote, nenda. Akikohoa, nenda. Kitanda kikilia, nenda. Asikose mtu hata mara moja. Ukikosa mara moja, umeanza upya."

Kisha akaja mwenyewe kumwomba mama radhi. Alisimama mlangoni kwa heshima zote. "Mama, ile amri ilikuwa ya mbwa. Nisamehe, sikujua kama na wewe..."

"Ah, baba, mimi si mtoto," mama alimjibu. "Nilijua ni ya mbwa. Niliona tu inafanya kazi."

Mimi nilikuwa korido, nikakaa chini pale pale, mgongo kwenye nyaya za kizimba. Siku zote hizi nilikuwa nikijifariji kwamba alichanganyikiwa, mtu mzima, mgonjwa, amesikia jambo akalielewa vibaya. Hakuelewa vibaya. Alipoita, nilikwenda na uso umekunjwa, au sikwenda. Aliponyamaza nilimletea chai na maneno matamu. Nani asingeona?

Nimefungua mlango wa kizimba nikauacha wazi.

Jumapili, 14 Aprili

Akikohoa nakwenda. "Nimekohoa tu." Nimekuja tu. Akigeuka nakwenda. Akipiga chafya nakwenda. Magoti yanawaka moto. Bwana Mkubwa ananifuata huko na huko akidhani ni mchezo mpya.

Jumatano, 17 Aprili

Mwalimu mkuu amekuja. Sare za darasa la sita na la saba hazijaguswa. Hakugomba, alisema tu kwamba ana fundi mwingine mjini, na akabeba vitambaa vya madarasa hayo mawili. Mama alisikia kila neno. Baadaye nilipompelekea supu alisema, "Unaona? Mimi nakuharibia." Nilimwambia aniharibie, kazi hiyo ni yake tangu anizae. Hakucheka.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua. Nakwenda, narudi. Hajaita.

Jumatano, 24 Aprili

Bwana Mkubwa amehamia chini ya kitanda cha mama. Kizimba kimebaki na shuka lake na soksi yangu iliyopotea. Ameanza kulialia tena kidogokidogo, akitaka kutoka, akitaka maji, akitaka tu. Kila akilia nakwenda na kwake pia, kwa sababu mama anatazama. Nimegundua hilo wiki hii: mama hunitazama nikimfuata mbwa. Ananitazama usoni, si mikononi. Kwa hiyo nimejifunza kuingia na uso mzuri. Siku za mwanzo ulikuwa wa kushonwa.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilikuwa nakanyaga cherehani, mvua imepumzika kidogo, nikasikia.

"Fundi!"

Niliinuka hivi kwamba kiti kilianguka. Nilifika mlangoni sina pumzi.

"Bwana Mkubwa anataka kwenda nje," mama alisema. "Analia hapa, wewe huna habari."

Nilimbeba mbwa nikatoka naye uani, nikalia huku akikojolea ndoo yangu. Kwa ajili ya mbwa ameita. Kwa ajili yake mwenyewe bado, lakini sauti ipo.

Jumanne, 30 Aprili

Ameita tena. Bwana Mkubwa ana kiu. Bakuli lilikuwa limejaa. Nikalijaza upya.

Alhamisi, 2 Mei

Mawingu yamepanda. Mdogo wangu amepiga simu: Jumapili. Amepata mtu wa kukaa na mama, mama mmoja mpole, anasema. Nimemwambia mama ameanza kuita. "Anaita akitaka nini?" Nikasema ukweli, maji ya mbwa. Alivuta pumzi. "Dada, siku ile hakuanguka mbwa."

Tumekubaliana hivi: atakuja, atakaa, atasikiliza mwenyewe. Mama akiwa ni mtu wa kuita, anabaki. Akiwa si mtu wa kuita, mdogo wangu anaondoka naye jioni hiyo hiyo, na mimi sitabisha.

Nimefua nguo zake zote. Hazijakauka.

Jumapili, 5 Mei

Jua la kweli leo, la kwanza. Mdogo wangu amefika kabla ya chakula. Alimkumbatia mama, akaitazama plasta, akamwambia habari za nyumba mpya, roshani yake, na lifti inayofanya kazi siku zake. Mama alisikiliza kwa adabu kama mgeni. Sanduku lake nililiweka chini ya dirisha, nililipakia jana. Hakuliuliza.

Baada ya chakula mdogo wangu alikuja kukaa chumba cha mbele na kikombe cha chai. "Shona," alisema. "Fanya kama siku zote." Nikawasha mota. Nilikuwa na sketi moja ya darasa la tano ya kumalizia na nilishona pindo lake polepole kuliko nilivyowahi kushona kitu. Nilipofika mwisho nilikata uzi. Kimya. Nikafumua, nikashona tena. Mdogo wangu alitazama saa, akaitazama korido, akageuza kikombe. Bwana Mkubwa alitoka chumbani kwa mama, akaja kutunusa miguu, akarudi. Hata yeye hakuwa na shida ya kitu, msaliti. Nilitamani alie.

Mdogo wangu aliweka kikombe chini. Alikuwa na huruma usoni, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza. "Dada," alisema, akaanza kuinuka.

"Fundi!"

Mguu wangu ulitoka kwenye cherehani. Nilivuka korido, yeye nyuma yangu. Niliuandaa uso wangu njiani lakini sikuhitaji.

"Nipo, mama. Nini?"

Bwana Mkubwa alikuwa amelala fofofo miguuni pake. Mto ulikuwa mahali pake. Maji yalikuwa karibu, miwani usoni, pazia limefunguliwa. Mama alitazama hivi vyote kimoja kimoja, kama anayetafuta, akashindwa kupata. Nilimwona anameza mate. Alikuwa na hofu, mama yangu, hofu ya kuniita mimi.

"Hakuna," alisema. "Njoo tu."

Nikaenda nikakaa kitandani pake. Mdogo wangu alibaki mlangoni, kisha akageuka, nikamsikia jikoni akisafisha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana.

Jioni aliondoka. Alikunja kizimba, akakitia kwenye buti la gari, akasema kuna mwenzake kazini atakitaka. Mbwa hakumtaja. Mimi pia sikumkumbusha. Sanduku nimelirudisha juu ya kabati.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua zimekata. Mwalimu mkuu amechukua sare zilizokuwa tayari. Za wadogo zimebaki, lazima nizimalize wiki hii, na nimechoka hoi.

Tangu asubuhi ameniita kuhusu mto, kuhusu pazia, kuhusu jirani anayechoma takataka, na kuniuliza kama nimekula. Mara moja nilikwenda nimekunja uso, nikarudi mlangoni nikaingia upya. Alicheka. "Umekosea, rudia," alisema.

Nimeacha sindano katikati ya kola ili niandike haya, na hata haya sitayamaliza. Anaita.